Kutoka Shati la Baba hadi Gauni la Mtoto: Mwongozo Kamili wa Kushona Upya Nguo Zilizochakaa

Shati la mwanamume huchakaa kwa mpangilio unaojulikana. Kola hutangulia, kwa sababu ndiyo inayosuguana na shingo mchana kutwa na ndiyo inayopigwa brashi kila linapofuliwa. Hufuata ncha za mikono, kisha viwiko, na mwishowe makwapa, ambako jasho hula nyuzi taratibu mpaka kitambaa kikawa chepesi. Lakini mgongo, pamoja na sehemu ya mbele iliyo chini ya kifua, hasa ile inayochomekwa ndani ya suruali, hubaki karibu kama ilivyotoka dukani. Ndiyo maana shati ambalo mwenyewe amekwisha kulitupa jikoni liwe tambara bado lina kitambaa cha kutosha gauni la mtoto wa miaka minne, na juu ya hicho kitambaa lina safu nzima ya vifungo na matundu yake, kazi ambayo mshonaji anayeanza huiogopa kuliko zote.

Mwongozo huu unafuata kazi hiyo moja tangu kuchagua shati hadi kukunja pindo, kisha unaeleza kwa ufupi jinsi ya kugeuza suruali ya jinzi kuwa sketi. Nimechagua shati kwa makusudi. Mashati ya pamba yenye kola zilizochanika hupatikana kwa bei ndogo sana katika mafungu ya mwisho ya mitumba, iwe Karume jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi, na karibu kila nyumba inalo moja ambalo halivaliki tena. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza usianze na shati lenye kumbukumbu kubwa kwako, kama la mzazi aliyefariki. Jifunze kwanza kwa shati la kununua, na lile la kumbukumbu lisubiri mkono wako uzoee.

Vifaa

Cherehani yoyote inayoshona mshono ulionyooka inatosha, hata ile ya zamani ya kuzungusha kwa mkono. Funga sindano mpya, kwa kuwa sindano butu huvuta nyuzi za kitambaa kilichofuliwa mara nyingi na kuacha mistari isiyoondoka: namba 11 kwa kitambaa chepesi, namba 14 kwa shati la kawaida, na namba 16 kwa jinzi. Utahitaji pia mkasi ambao hautumiki kukatia karatasi, wembe au kifaa kidogo cha kufumulia, futi ya fundi, pini, pasi, magazeti ya zamani ya kuchorea kiolezo, yaani umbo la karatasi la kukatia kitambaa, na chaki ya fundi. Ikiwa chaki huna, kipande chembamba cha sabuni kilichokauka kinachora vizuri kwenye kitambaa cha rangi, na alama zake hutoka mara nguo inapofuliwa.

Kulichagua na kulikagua shati

Tafuta shati la pamba, au la pamba iliyochanganywa kidogo tu na polista, kwa sababu pamba hushika mkunjo wa pasi na humpa mtoto hewa katika joto. Kama lebo imekatwa, chomoa uzi mmoja kutoka ndani ya mshono na uuchome juu ya sahani ya bati. Pamba huungua kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi, na huacha majivu laini ya kijivu; polista huyeyuka, hujikunyata na kuacha punje ngumu nyeusi. Kitambaa kilichochanganywa huonyesha tabia zote mbili, na hicho kinafaa mradi upunguze moto wa pasi.

Kisha lifungue shati mbele ya dirisha na ulitazame likiwa kati yako na mwanga. Mahali palipokwisha hupitisha mwanga mwingi kuliko sehemu nyingine, hata kama kwa macho ya kawaida panaonekana pazima. Shika kitambaa kwa vidole gumba viwili vilivyokaribiana na ukivute kuelekea pande mbili. Kitambaa kizima hustahimili na kurudi, kilichochoka hutoa sauti ndogo ya kuchanika. Fanya hivyo mgongoni, mbele, na kwenye sehemu za mikono zilizo juu ya kiwiko. Kila kasoro unayoipata, iwe doa, tundu au eneo jepesi, izungushie mduara wa chaki kwa upande wa ndani. Makwapa yenye rangi ya njano yasikukatishe tamaa, kwa sababu mwili wa mtoto ni mwembamba kiasi kwamba sehemu hiyo yote itaangukia nje ya kiolezo.

Fua shati kwa sabuni, lianike, na ulipige pasi likiwa na unyevu kidogo. Usiruke hatua hii kwa kuwa tu shati linaonekana safi. Vipimo vinavyochukuliwa kwenye kitambaa chenye mikunjo si vipimo.

Kufumua

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, na ndipo watu wengi wanapofanya haraka. Anayenunua kitambaa kipya hukata anavyotaka. Anayeshona upya hupewa vipande vyenye mipaka, na hawezi kuijua mipaka hiyo mpaka vipande vilale bapa mezani. Kwa hiyo usichore wala kukata chochote kabla ya kufumua. Kanuni ninayoifuata ni hii: fumua palipo na uhaba wa kitambaa, kata palipo na kitambaa cha ziada, na usiguse kabisa kazi ngumu ambayo kiwanda kimekwisha kuifanya vizuri.

Katika shati hili, kazi ngumu iliyokwisha kufanywa ni ule ukanda wa mbele wenye vifungo na matundu. Uache kama ulivyo. Kola na ukanda wake wa shingoni vifumuliwe, kwa sababu shingoni kila sentimita ina thamani. Mshono wa ubavuni katika mashati mengi ni ule uliokunjwa na kushonwa mistari miwili. Kuufumua huchukua saa nzima na faida yake ni ndogo, hivyo ukate kwa mkasi kando kabisa ya mshono. Mikono nayo ikate kandokando ya mshono unaoiunganisha na mwili wa shati, kisha ifungue kwa urefu upate vipande viwili bapa, ambavyo vitatoa utepe wa kumalizia shingo. Mwisho, tenganisha mbele na mgongo kwa kukata kando ya mshono wa begani ulio upande wa mbele, ili kile kipande cha mabegani chenye tabaka mbili kibaki na mgongo.

Namna ya kufumua bila kuchana kitambaa ni kukata mshono mmoja katika kila mishono minne au mitano kwa upande mmoja, kisha kugeuza kitambaa na kuvuta uzi wa upande wa pili, ambao hutoka mrefu na mzima. Ukitumia wembe, elekeza makali kwenye uzi, kamwe si kwenye kitambaa, na ufanyie kazi hiyo penye mwanga mwingi. Ukishamaliza, ng'oa mabaki ya nyuzi, nyunyizia maji, piga pasi, na usugue kwa ukucha mahali palipokuwa na matundu ya sindano, mengi yatajifunga.

Mfuko wa kifuani unahitaji uamuzi. Ukiubandua, mara nyingi utakuta chini yake rangi iliyokolea kuliko kwingine, kwa sababu jua halikufika pale. Kama alama hiyo itaangukia ndani ya gauni, geuza mpango: safu ya vifungo iwe mgongoni mwa mtoto, na mgongo wa shati uwe mbele. Mimi huupendelea mpango huu hata pasipo alama ya mfuko, kwa sababu ule mshono wa kipande cha mabegani huja kifuani na kulipa gauni pambo ambalo hukulishona wewe. Kasoro yake ni kwamba mtoto hawezi kujifunga mwenyewe.

Vipimo na kiolezo

Mpime mtoto akiwa amevaa nguo nyepesi. Vipimo vinne vinatosha: mzunguko wa kifua chini ya makwapa, upana kutoka ncha ya bega hadi ncha ya bega, urefu kutoka bega hadi gotini, na kina cha kwapa kutoka bega. Usitegemee umri, maana watoto wawili wa miaka minne wanaweza kupishana sana kwa kifua. Katika mfano huu nitatumia kifua cha sentimita 56, mabega 24, urefu 55, na kina cha kwapa 14.

Kifua ongeza sentimita 8 za nafasi ya kupumua na kucheza, upate 64, kisha gawanya kwa nne, upate 16. Chukua gazeti, na ukingo wake mnyoofu uwe mstari wa katikati ya mwili. Kutoka pembe ya juu pima sentimita 6 kwenda pembeni, huo ndio upana wa nusu ya shingo. Kutoka pembe hiyo hiyo shuka sentimita 6.5 kwa kiolezo cha mbele, au 2 kwa kiolezo cha nyuma, na uunganishe alama hizo kwa mviringo. Bega linaanzia kwenye alama ile ya 6 na kuishia sentimita 12 kutoka katikati, likishuka sentimita 2 ili lifuate mteremko wa bega la mtoto. Shuka 14 kutoka juu, pima 16 kwenda pembeni, na hapo ndipo kwapa. Liunganishe na ncha ya bega kwa mviringo unaoingia ndani kidogo. Chini kabisa, sentimita 55 kutoka juu, pima 25 kwenda pembeni, kisha vuta mstari mnyoofu kutoka kwapani hadi hapo. Mwisho wa mstari huo upandishe sentimita 1, kwa sababu gauni linalopanuka kuelekea chini hushuka pembeni likiwa na pindo lililonyooka tupu.

Sasa ongeza nafasi ya mshono: sentimita 1.5 begani na ubavuni, nusu sentimita shingoni na kwenye mashimo ya mikono, na sentimita 6.5 kwenye pindo. Siku za mwanzo nilisahau nyongeza ya shingoni, nikakata kwenye mstari wa mwisho wenyewe, na baada ya kushona shingo ikawa pana hata gauni likawa linateleza begani. Shingo ni mahali pa kukata padogo, kupimisha, na kukata tena. Kitambaa kilichokatwa hakirudi.

Kulaza kiolezo na kukata

Funga vifungo vyote vya sehemu ya mbele ya shati na uilaze mezani kana kwamba ni kipande kimoja. Mstari wa katikati wa kiolezo unalala juu ya safu ya vifungo, yaani katikati ya vifungo vyenyewe, wala si kwenye ukingo wa ukanda. Kosa hili ni la kawaida mno, nalo hupanua gauni bila mshonaji kuelewa sababu. Chora nusu ya kwanza, geuza kiolezo, chora nusu ya pili. Kama vifungo vitakuwa mgongoni, kiolezo kinachowekwa hapa ni kile cha nyuma.

Shingo ya shati la mtu mzima ni pana kuliko ya mtoto, kwa hiyo kiolezo kitabidi kishuke sentimita kadhaa mpaka alama ya shingo na bega iwe juu ya kitambaa kwa ukamilifu. Angalia kifungo cha kwanza kiwe angalau sentimita 2 chini ya ukingo wa shingo. Kikiwa juu zaidi, sogeza kiolezo au kiondoe kifungo hicho kabisa. Angalia pia chini, kwa sababu mashati mengi yana pindo lililokatwa kwa mviringo na pembeni huwa fupi kuliko katikati. Kama urefu hautoshi, punguza nafasi ya pindo, au kata gauni fupi na uliongezee chini ukanda wa marinda kutoka kwenye mikono ya shati. Ukanda wa marinda uwe na urefu wa mara moja na nusu ya mzunguko wa pindo. Chini ya hapo marinda huonekana kama makosa ya mshono.

Kipande cha pili kikunje katikati kwa urefu, mstari wa katikati wa kiolezo ukae kwenye mkunjo, na nyuzi za kitambaa ziwe zimenyooka kutoka juu hadi chini. Shati la mistari hurahisisha jambo hili. Kutoka kwenye mikono, kata utepe wa upana wa sentimita 3 kwa mshazari, yaani kwa kukatiza nyuzi kwa pembe ya digrii 45, kwa sababu utepe wa namna hiyo tu ndio unaonyumbuka kufuata mviringo wa shingo. Utahitaji vipande vitatu, vya takriban sentimita 45 kila kimoja.

Kushona

Jaribu kwanza cherehani kwenye kipande kilichobaki, kwa mshono wa milimita 2.5. Kama uzi wa chini unachungulia juu ya kitambaa, uzi wa juu umekazwa mno. Ulegeze kidogo na ujaribu tena.

Anza na mabega. Yaunganishe yakiwa yametazamana kwa upande wa nje, shona kwa sentimita 1.5, kisha funga kingo kwa mshono wa kuzungushia, kwa cherehani au kwa mkono. Fungua mshono na upige pasi. Pasi baada ya kila mshono ndiyo inayotofautisha nguo na tambara lililoungwa, na kwa maoni yangu asiyekuwa na muda wa kupiga pasi aahirishe kushona.

Shingo hufuata. Weka utepe wa mshazari juu ya ukingo wa shingo kwa upande wa nje, ukiacha sentimita 1 ya kukunja kila mwisho penye ukanda wa vifungo. Shona nusu sentimita kutoka ukingoni, ukiuvuta utepe kidogo sana kwenye mviringo, lakini usiivute shingo yenyewe. Katakata nafasi ya mshono kwa ncha ya mkasi kila baada ya sentimita moja bila kufikia uzi, geuza utepe wote uingie ndani, kunja ukingo wake, piga bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya muda, ili usisogee, kisha shona mstari wa pili karibu na ukingo. Mashimo ya mikono yashone kwa namna hiyo hiyo kabla ya kufunga ubavu, maana kushona mviringo ukiwa bapa ni rahisi kuliko kuzunguka ndani ya tundu dogo.

Ubavuni tumia mshono unaojificha, ambao hauhitaji mashine ya kuzungushia na haumkwaruzi mtoto. Weka vipande viwili vikiwa vimetazamana kwa upande wa ndani, jambo ambalo mwanzoni litaonekana kama kosa, na ushone nusu sentimita kutoka ukingoni. Punguza kingo zibaki milimita 3, geuza nguo, piga pasi mkunjo huo, kisha shona tena kwa sentimita 1. Nyuzi zote zilizokatwa sasa zimefungiwa ndani. Rudisha mshono nyuma mara mbili kwapani, kwa sababu hapo ndipo mtoto anapovuta nguo anapopanda na kuruka.

Ikiwa kitambaa cha shati ni chepesi mno, kabla ya kushona shingo kata kwa kiolezo hicho hicho bitana ya khanga iliyochoka. Khanga mpya ya pamba hupungua inapofuliwa mara za kwanza na inaweza kulikunja gauni. Iliyovaliwa miaka mingi imekwisha kupungua na imelainika, hivyo hulala vizuri juu ya ngozi. Kata kwenye mji wake, yaani sehemu ya katikati. Jina, yaani maneno yaliyoandikwa, liache zima, likunje na ulihifadhi, au lishone ndani ya pindo ambako litasomeka.

Pindo: kunja sentimita 1.5, kisha 5, piga pasi, na ushone kwa mkono kwa mishono midogo inayoshika uzi mmoja tu wa upande wa nje.

Suruali ya jinzi kuwa sketi

Jinzi nyingi hufa mahali pamoja: kitambaa cha mapajani kilichosuguana. Kiuno, zipu na mifuko huwa bado imara. Fumua mshono wa ndani wa miguu yote miwili tangu pindo moja hadi jingine, kisha endelea na mshono wa katikati ya mbele mpaka sentimita 3 chini ya mwisho wa zipu, na ule wa nyuma mpaka pale unapoanza kupinda. Ilaze suruali mezani, pandisha kipande kimoja cha mbele juu ya mwenzake mpaka tumbo lilale bapa bila kuinuka, na ubane kwa pini. Fanya vivyo hivyo nyuma. Kata sehemu zilizosuguka, ambazo kwa kawaida huangukia kwenye zile pembe zinazopishana.

Kati ya miguu patabaki pengo la pembetatu, mbele na nyuma. Lijaze kwa kitambaa cha sehemu ya chini ya miguu, ambacho mara nyingi ni kizima kabisa, au kwa kitenge ikiwa unataka sketi yenye mwendo mpana. Kitenge kifue kwanza. Weka kipande hicho chini ya pengo, bana kwa pini, piga bandi, kisha shona juu yake mistari miwili sambamba kwa uzi mnene unaofanana na wa awali. Penye tabaka nyingi usikanyage cherehani: gonga mshono kwa nyundo juu ya ubao mpaka ulainike, kisha zungusha gurudumu kwa mkono, mshono mmoja mmoja, hadi upite. Sindano nyingi za jinzi huvunjika hapo.

Mtoto anapokua

Zile sentimita 5 za pindo la gauni ziliachwa kwa sababu maalumu. Baada ya mwaka mmoja, fumua pindo, nyunyizia maji yenye siki kidogo kwenye mkunjo wa zamani na upige pasi kwa kitambaa juu yake. Siki husaidia kulegeza alama ya mkunjo, lakini ijaribu kwanza kwa ndani uone kama rangi haibadiliki. Kama mstari uliopauka bado unaonekana, ufunike kwa ukanda mwembamba uliobaki kutoka kwenye mikono ya shati, na pindo jipya ulimalizie kwa utepe wa mshazari wa upana wa sentimita 3, ili usipoteze hata sentimita moja ya urefu ulioupata.